Jina Lililotoka Kwenye Uzi wa Nne

Ninyi walimu vijana mliorithi chumba changu cha muziki mliniomba niwaandikie namna ya kumfundisha mtoto mkono wa kushoto. Nilianza vizuri. Niliandika kuhusu kidole gumba, kwamba kisikabe shingo ya violini kama mtu aliyekamata kuku wa sikukuu. Niliandika kuhusu kiwiko, na kuhusu kucha, ambazo wazazi wa mtaa wa Ntinda, hapa Kampala, wanawapaka watoto rangi badala ya kuzikata. Lakini kila mfano niliotaka kuutoa ulinirudisha kwa mtoto mmoja. Basi nitawaandikia habari za mtoto huyo, na mkono wa kushoto mtaukuta humo humo.

Mimi ni Mmaragoli wa Vihiga, Kenya. Nilikuja Kampala nikiwa nimeolewa karibuni, nikimfuata mume aliyekuwa akiuza vipuri vya magari. Yeye alikuja na duka, mimi nilikuja na violini moja niliyofundishwa kanisani kwetu, pamoja na imani kubwa mno kwamba najua kuipiga. Imani hiyo iliisha siku ya kwanza nilipopanda ngazi za jengo moja Nateete, juu ya duka la magodoro, kwa Mwalimu Nalwoga.

Mwalimu Nalwoga alikuwa Muganda mwembamba, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa violini uliokatika. Alinisikiliza nikipiga wimbo mzima. Nilipomaliza akafungua dirisha. Chini palikuwa na soko, na makondakta wakiita abiria.

"Wewe Mkenya, unapiga sana," akasema. Alikuwa akichanganya "l" na "r" kama wengi wa huku. "Lakini hausikirizi."

"Nasikia, Mwalimu."

"Kusikia unasikia. Sasa kaa hapo, sikiriza yule mama wa nyanya. Akiita, wewe imba vile ameita. Hapana maneno. Sauti tu."

Nilikaa dirishani asubuhi nzima nikimuimba mama wa nyanya. Violini yangu ilibaki kwenye kisanduku. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na nikarudi kwake wiki iliyofuata, na nyingine, miaka kadhaa.

Kwake nilijifunza pia kazi ya mikono ambayo haimo katika vitabu vyenu. Mvua ya Kampala ikinyesha wiki nzima, vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba na kugoma kuzunguka. Jua likiwaka, vinasinyaa, vinalegea, na nyuzi zinajifyatua zenyewe ndani ya kabati. Mwalimu mgeni hudhani kabati lina mtu. Pakeni chaki kidogo kwenye kigingi, mtu huyo atanyamaza. Nimekaa na vitu vinavyolia vyenyewe maisha yangu yote, na nataja haya ili mjue kwamba mimi si mtu wa kushtuka ovyo.

Falsafa yangu yote ya kufundisha, kama mnapenda tuiite hivyo, ni sentensi ambayo Mwalimu Nalwoga aliniambia siku aliponiachia wanafunzi wangu wa kwanza. "Mutoto anakuja na sauti," alisema. "Kabla hujamupa sauti ya kitabu, jua kwanza hiyo amekuja nayo ni ya nani." Nilidhani ni Kiswahili chake tu kilichopinda. Nilidhani alitaka kusema ni sauti ya namna gani.

Nilifundisha shuleni asubuhi, na alasiri nikawafundisha watoto wa mtaa wetu nyumbani kwangu Ntinda, katika gereji ambayo haikuwa na gari. Violini za saizi zote zilining'inia ukutani. Hapo ndipo Afande Okello alipomleta binti yake.

Alikuwa polisi, Mwacholi kutoka kaskazini, Mwislamu, akiishi na mtoto wake katika kambi ya polisi isiyo mbali. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akazungumza Kiswahili cha kambini.

"Mwalimu, huyu ni mtoto yangu. Anaitwa Adong. Kichwa yake mzuri, shule wanasema hivyo. Lakini hapana ongea. Mimi nataka apate kitu ya kufanya na mikono."

"Mama yake yuko?"

"Mama yake alikufa. Zamani."

Adong alikuwa na umri wa watoto wanaobadilisha meno. Aliangalia ukuta wa violini, si mimi. Kwenye shingo alivaa uzi mwembamba wenye msalaba mdogo wa bati. Baba yake aliona naangalia.

"Ya mama yake," akasema. "Mama alikuwa Mkatoliki. Mimi sikutoa."

Nilimpa violini ndogo kabisa, ambayo nilikuwa nimebandika vipande vya utepe kwenye ubao wa vidole ili mtoto ajue pa kubonyeza. Nilimwonyesha upinde unavyoshikwa, nikageuka kuchukua lile bonge la utomvu mkavu tunayosugua kwenye singa za upinde. Nyuma yangu ikatoka sauti.

Mnajua sauti ya kwanza ya mtoto kwenye violini. Ni mlio wa mlango wa kabati. Hii haikuwa hivyo. Ilitoka kwenye uzi wa nne, ule mnene, chini, nzito, sauti ya mtu mzima aliyevuta pumzi kabla ya kusema. Ilipanda, ikashuka, ikakaa, kisha ikateleza chini na kukatika. Niligeuka. Adong alikuwa ameshika upinde vibaya, kidole gumba nje, kiwiko kimeanguka. Mkono kama ule hauwezi kutoa sauti kama ile.

"Nani amekufundisha hiyo?"

Akatikisa kichwa.

"Ipige tena."

Akajaribu. Ukalia mlango wa kabati.

Wiki zilizofuata niligundua kwamba sauti ile haikuja kwa kuombwa. Nikimsimamia, Adong alikuwa mwanafunzi wa kawaida, mzito kidogo wa mkono wa kulia. Nikigeuka kufungua dirisha au kukaza uzi wa violini nyingine, ilitoka. Daima ile ile, kupanda, kushuka, kukaa, kuteleza. Na daima vidole vyake vilikuwa kati ya vipande vyangu vya utepe, mahali ambapo hakuna noti ya kitabu. Kwanza nilifanya kazi ya mwalimu. Nilimshika kidole nikakisogeza kwenye utepe. Kilirudi. Watoto wengine waliokuwa wakisubiri zamu uani, ambao kwa kawaida hupigana kama paka, walinyamaza kila ilipotoka. Mmoja wao, mtoto wa jirani, aliniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, yule mama aliyeko ndani ataondoka saa ngapi?"

Nilimwambia hakuna mama ndani ila mimi.

"Si wewe," akasema.

Siku hiyo nilimkalisha Adong. "Hicho unachopiga ni kitu gani?"

Alifikiri. Alikuwa mtoto asiyependa kusema uongo, na ndiyo maana alisema kidogo. "Mimi sipigi, Mwalimu. Inatoka tu."

"Inatoka wapi?"

Aligeuza kichwa kuelekea kona ya gereji, pale nilipokuwa nimeweka kiti cha ziada, kama mtu anayemwachia mwenzake ajibu swali. Tulingoja pamoja. Niliona aibu kwamba nami nilikuwa nangoja.

Afande Okello hakuwa amewahi kusikia binti yake akipiga. Alimleta, akaenda zamu, akarudi kumchukua somo likiwa limekwisha. Lakini alasiri moja aliachiliwa mapema. Nilikuwa dirishani, mgongo kwa mtoto, nikamwona akiingia getini akiwa na sare, simu sikioni. Nyuma yangu uzi wa nne ukalia.

Afande aliitika. Hakuitika kama mtu aliyestaajabu. Aliitika kwa Kiacholi, kwa sauti kubwa ya uani, vile mwanamume anavyoitika anapoitwa kutoka jikoni kwake, na akaja mbio kidogo huku anatabasamu. Sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu. Aliingia gerejini, akatupita mimi na mtoto kwa macho, akatazama kona, akatazama nyuma ya mlango. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

"Nani ameniita?"

"Hakuna aliyekuita, Afande."

"Ameniita. Ndani ya hii nyumba ameniita."

Adong, bila kuambiwa, bila kutuangalia, akavuta upinde. Ikatoka tena. Yule mtu mzima, polisi, akakaa sakafuni na sare yake safi.

Alinieleza kwamba lugha yao inapanda na kushuka, na neno ukilipandisha pasipo pake linakuwa neno jingine. Nilijua, maana Kimaragoli nacho kina tabia hiyo. Marehemu mkewe alikuwa amempa jina la ndani, jina ambalo hata mama mzazi wa Afande hakulijua, na alikuwa na namna yake ya kuliita, akilivuta mwishoni. Violini haikuwa na maneno. Ilikuwa na kila kitu kingine cha jina hilo.

"Labda mtoto alimsikia mama yake," nilisema.

"Mwalimu, mama yake alikufa huyu hajajua hata kukaa."

"Labda wewe unapolala unaliita."

"Mtu anajiita mwenyewe?" akaniuliza. "Na sauti ya mke yake?"



Tangu siku hiyo Afande hakukosa somo. Alichukua kile kiti cha kona, akakisogeza karibu. Alibadilisha zamu zake. Mwanzoni nilifikiri ni vizuri mzazi kuwapo. Lakini hakuja kusikia somo. Adong akipiga mazoezi, alitazama viatu vyake. Niliona jinsi alivyoinama mbele kila nilipogeuka. Baadaye akaanza kuomba. "Adong, mwambie arudie." Halafu akaanza kuuliza maswali, kwa Kiacholi, akimwuliza yule aliyeko nyuma ya mtoto. Na violini ikaanza kujibu. Si jina tu sasa. Ilitoa sentensi ndefu za kupanda na kushuka, na Afande alicheka, alilia, alitikisa kichwa kukubali.

Adong alikondeana. Naweza kuwaonyesha hapa somo la mkono wa kushoto, kwa sababu hapo ndipo nilipoyaona yote. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka hadi nyama nyekundu, na chini ya taya palikuwa na alama ya jeraha. Mtoto wa saizi ile, kwa masomo niliyompa, hapati jeraha kama lile. Baba yake alikuwa akimpigisha ile violini ndogo, niliyowaazima, huko kambini, kila alipotoka kazini. Na macho yake yalikuwa ya mtu anayefungulia wageni mlango siku nzima na hakuna anayemsalimia.

Nilipanda ngazi za Nateete. Mwalimu Nalwoga alikuwa mzee sana wakati huo, hafundishi tena, lakini dirisha lilikuwa wazi na alikuwa bado anasikiliza soko. Nilimweleza yote. Nilitegemea anicheke au aniombee.

"Umeiuliza violini," akasema. "Baba anauliza maiti. Mutoto nani anamuuliza?"

"Mtoto hasemi, Mwalimu."

"Hasemi kwa sababu kila mutu anasikiriza mwingine." Akafunga dirisha, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Nenda. Na wewe usikae peke yako na hiyo kitu ukigeuza mugongo."

Somo lililofuata nilimwomba Afande abaki uani. Hakupenda. Alisimama karibu kabisa na mlango, nikaufunga. Niliichukua violini mkononi mwa Adong, nikaitundika ukutani, nikakaa chini ili macho yetu yawe sawa.

"Leo hatupigi. Nataka kukuuliza wewe. Ungependa nini?"

Nilisikia magari ya Ntinda yakipigiana honi, na pumzi ya baba yake mlangoni.

"Namwita Baba," akasema. "Kila siku namwitia Baba. Mimi Mama hajaniita hata siku moja."

"Ungependa akuite?"

"Hawezi. Jina yangu hajui." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Adong walinipa yeye amekwisha kufa. Ni jina ya mtu ameachwa nyuma."

Nilifungua mlango. Afande alikuwa amesikia. Mikono yake ilikuwa imeshika pande zote mbili za fremu ya mlango kama mtu aliyeko ndani ya gari linaloyumba.

"Afande," nikasema, "mkeo alimwita mtoto huyu nani?"

Aligeuza macho uani.

"Alikaa naye wiki ngapi sijui. Alimnyonyesha. Hakumwita kitu?"

"Alimwita," akasema mwishowe. "Lile jina tulizika na yeye. Wazee walisema mtoto asiitwe nalo, mama asirudi kumchukua."

"Na sasa amerudi, na mtoto ndiye anayembeba."

Alitazama kona. Alitazama violini. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akipima anachoweza kupoteza, na sikumlaumu. Kisha akapiga magoti mbele ya binti yake, akaweka mdomo sikioni pake, akalisema. Sikulisikia, na hadi leo sijauliza. Nilimwona Adong tu. Alitulia kama mtu aliyewekewa mkono begani.

Alinyoosha mkono akataka violini. Nikampa. Na hapo, ndugu walimu, ndipo nilipomwona mtoto huyo akijifunza kwa mara ya kwanza. Alitafuta. Aliweka kidole, kikatoa mlango wa kabati, akakunja uso, akakisogeza. Alirudia, akakosea, akarudia. Hakuna aliyemsaidia, ndani wala nje ya ukuta. Aliimba kwanza kwa mdomo, polepole, kisha akatafuta kwa kidole alichoimba. Nilitaka sana kumshika mkono nikauzuia mkono wangu. Jua lilikuwa limehama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine alipolipata jina lile. Lilikuwa jina fupi. Alilipiga kwenye uzi wa pili, juu, kwa sauti nyembamba ya kitoto, mbaya kidogo, ya kwake kabisa. Alilipiga mara nyingi sana.

Ile sauti nyingine haikurudi. Afande alikuja somo lililofuata akakaa kwenye kiti chake, nikageuka makusudi, nikafungua dirisha, nikalifunga. Kimya. Wiki baada ya wiki, kimya. Siku moja alisimama katikati ya somo.

"Umemfukuza," aliniambia. "Mimi nilikuwa naye, wewe umemfukuza."

Akamshika mtoto mkono waondoke. Adong hakwenda. Alisimama na violini begani, akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema: "Baba, mimi niko hapa, na leo Mwalimu alisema nitacheza na kidole cha nne."

Afande aliondoka peke yake. Nilifikiri tumempoteza. Somo lililokuja alimleta mtoto mpaka getini, akakaa nje juu ya ukuta mdogo wa maua, mgongo kwetu. Alikaa hapo msimu mzima wa mvua akiwa na mwavuli. Halafu siku moja akarudi kitini. Adong akipiga mazoezi ya vidole, mazoezi ya kuchosha kabisa ambayo hata mimi huyasikiliza kwa mshahara tu, niliona mguu wa Afande unagonga sakafu taratibu, ukifuata.

Mwalimu Nalwoga alifariki mwaka huo. Adong aliendelea. Alikua akavuka saizi zote zilizokuwa ukutani, akaenda kusoma muziki Chuo Kikuu cha Kyambogo. Anazungumza sana siku hizi, kuliko inavyopasa, na wanafunzi wake wadogo wanamwogopa vizuri. Sikuwahi kumkumbusha mambo ya gerejini. Nilidhani ameyasahau, kama watoto wanavyosahau homa.

Mwaka jana, nilipokuwa nafungasha vitu vya chumba cha muziki, alikuja kunisaidia. Baba yake alikuwa amezikwa muda mfupi kabla. Aliugua ini, akalazwa, na Adong alikaa naye wodini. Alinisimulia huku anafuta vumbi kwenye violini, moja baada ya nyingine. Alasiri ya mwisho baba yake alimwomba ampigie kitu, chochote, hata mazoezi. Wauguzi walimruhusu apige kwa sauti ya chini. Alipiga, akamaliza, akaweka upinde juu ya kitanda.

"Halafu Baba aligeuza kichwa upande wa dirisha, Mwalimu. Akaitika. Kwa nguvu, kama mtu mzima wa afya. Ile sauti ya uani."

Nilijua anachosema. Mikono yangu iliacha kufungasha.

"Ulikuwa unapiga lile jina?"

"Hapana. Upinde ulikuwa kitandani, mikono yangu ilikuwa hapa." Alinionyesha, mapajani. "Aliitika, akacheka kidogo, ikawa basi."

Nje watoto wa shule walikuwa wakitoka, kelele zikapita, zikaisha. Nilimuuliza swali ambalo pengine mwalimu mstaafu hakupaswa kuuliza, kama naye alisikia kitu.

Adong aliitundika violini aliyokuwa ameishika, akahakikisha imekaa sawa.

"Nilisikia majina mawili," akasema. "La Baba kwanza, akaitika. Halafu langu. Mimi sikuitika."